Usimwambie mke wako "Ridhika"

Somo: Wafilipi 4:10-19

Ninawasalimu wote mliofungua redio saa hii: mama uliye jikoni unapuliza makala, baba uliyefika sasa kutoka kazini au kutoka kutafuta kazi, kijana unayetusikiliza kwenye simu huku ukifanya mambo mengine. Nawasalimu pia ninyi mtakaosoma neno hili kwenye karatasi. Chukueni Biblia zenu. Kama umeme umekatika kwenu, washeni taa ya simu, lakini msimalize moto wa simu kwa sababu yangu. Mistari ya leo ni michache.

Juma lililopita mama mmoja wa hapa Bukavu alinisimamisha kwenye mteremko wa Kadutu. Alikuwa anarudi kutoka soko, beseni kichwani, na nyanya zilikuwa zimebaki zaidi ya nusu. Hakunisalimu kwa maneno mengi. Aliniuliza: "Pasta, lile neno la kuridhika liliandikwa kwa ajili ya wamama peke yetu?" Nikamuuliza kwa nini. Akasema: "Kila mara nikimwambia bwana wangu makala imeisha, ananijibu kwa Biblia. Ananiambia Paulo aliridhika, mimi nani nisiridhike. Halafu anavaa viatu anatoka. Sijui anakula wapi, lakini akirudi hana njaa."

Wapendwa, sikumjibu vizuri. Nilisema, "Tutaomba, mama," nikapanda zangu. Nilipofika nyumbani nilijua kwa nini jibu langu lilikuwa jepesi. Maneno ya yule bwana yalikuwa maneno yangu mwenyewe. Niliyatumia katika nyumba yangu, kwa mke wangu, nikiwa tayari mchungaji, nikiwa nimemaliza chuo cha Biblia na cheti kikiwa ukutani.

Nitawaeleza. Mama mchungaji ameniruhusu.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tunapanga vyumba viwili huku juu Kadutu, katika nyumba ya mbao iliyoshikana na nyumba ya jirani, mahali ambapo jirani akikohoa usiku wewe ndiye unasema pole. Tulikuwa na watoto watano na mdogo wa mke wangu. Nyumba ilikuwa dola 35 kwa mwezi, na mwenye nyumba hakutaka kusikia habari ya franga za Kongo. Kanisa lilinipa kile kilichopatikana Jumapili. Jumapili ya mvua hakikupatikana kitu.

Mke wangu alikuwa anauza sambaza. Ninyi wa ziwani mnajua kazi hiyo. Unaamka kabla ya mwanga, unashuka mpaka pwani ya Kivu kungojea wavuvi wanaorudi na taa zao, unanunua kwa beseni, unapanda mlima wote huo, halafu unauza kwa kopo dogo. Na mnajua pia kwamba mwezi ukiwa mkubwa taa ya mvuvi haivuti samaki, sambaza inapungua na bei inapanda. Kwa hiyo katika nyumba yetu kila mwezi ulikuwa na siku zake za njaa, na mtu angeweza kuzitambua kwa kutazama mbinguni. (Sambaza yenyewe haikuzaliwa hapa, ililetwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Ni mgeni aliyekuja kulisha wenyeji. Siku nyingine nitahubiri juu ya hilo.)

Basi, nilialikwa kuhubiri siku tatu katika mji mwingine. Mungu alifanya kazi, watu waliokoka, na siku ya mwisho wapendwa wakanipa bahasha. Ndani kulikuwa na dola 80. Nilipofika nyumbani nilisema, "Mungu ni mwema, walitupokea vizuri sana." Nikatoa dola 15, nikaziweka mezani. Mke wangu alishukuru Mungu kwa sauti. Habari ya zile 65 nyingine, kimya.

Nilikuwa na sababu. Mwanadamu hakosi sababu. Mkutano mkubwa wa wachungaji ulikuwa unakaribia, na mwaka uliotangulia nilikaa katikati ya watumishi waliovaa makoti mazuri, mimi na lile langu lililopauka mabegani. Nilijiambia kwamba ni heshima ya kazi ya Mungu. Nikanunua kitambaa, nikampelekea mshonaji pale soko la Kadutu.

Juma lile lile binti yetu wa kwanza alirudishwa kutoka shule. Mnajua namna mambo yalivyo: shule ya msingi ya serikali ilitangazwa kuwa ya bure tangu mwaka 2019, lakini sekondari mzazi analipa, na mtoto ambaye hajalipiwa prefe anamsomea jina mbele ya wenzake. Mke wangu aliniambia jioni, kwa utulivu: "Mtoto amefukuzwa. Chumvi imeisha. Makala ni ya leo tu." Nami nikamjibu kwa Wafilipi nne mstari wa kumi na moja. Nilimweleza mpaka na maana ya neno katika Kiyunani.

Mke wangu siku zote ananiita Baba fulani, kwa jina la huyo binti wetu wa kwanza. Siku ile alisema: "Amina, Pasta."

Kama wewe ni mwanaume uliyeoa, unajua ubaridi wa jibu kama hilo.

Kesho yake aliuza kikwembe chake kizuri, kile alichopewa na mama yake siku ya ndoa yetu, akamlipia mtoto. Sikujua. Nilijua siku ya tatu, na sikujua kutoka kwake. Yule mshonaji alikuwa na meza yake karibu na mahali anapouzia sambaza. Alimwambia kwa furaha: "Mama mchungaji, mwambie Pasta koti limeisha, limetoka zuri." Jioni mke wangu alitenga bugali na sombe, watoto wakakaa, akasema bila kuniangalia: "Mshonaji anakungojea." Tulifumba macho ili niombee chakula, na maneno hayakutoka. Watoto walifikiri naomba kwa ndani. Mwishowe binti wetu ndiye aliyeomba.

Sasa turudi kwenye Biblia, kwa sababu siku zile zilinilazimisha kusoma upya sura niliyofikiri naijua.

Paulo anasema amejifunza kuwa radhi katika hali aliyo nayo. Tazameni kwanza nani anasema na yuko wapi. Yuko kifungoni. Anayesema ni yule mwenye njaa. Hakuna mahali katika barua hii ambapo mtu aliyeshiba anamwandikia mfungwa kumwambia: ridhika. Ni mfungwa anayewaandikia watu walio nje, na anasema juu ya nafsi yake mwenyewe: mimi nimejifunza. Neno hilo linatoka katika kinywa cha mtu aliyebeba mzigo. Mimi nililichukua nikalipeleka kwenye masikio ya mtu niliyembebesha.

Lile neno la Kiyunani nililomweleza mke wangu usiku ule lilikuwa neno la wenye hekima wa wakati wa Paulo. Kwao mtu aliyeridhika ni mtu anayejitosheleza, asiye na lazima ya mtu yeyote, jiwe lisilosikia baridi wala joto. Paulo anachukua neno lao, lakini angalieni anavyolifanya. Mstari wa 13 anasema nguvu zake zinatoka kwa mwingine. Na mstari wa 14, mara tu baada ya hapo, anawaambia Wafilipi kwamba walifanya vema kushiriki taabu yake. Anakumbuka kwamba walimtumia msaada alipokuwa Thesalonike, na zaidi ya mara moja. Anaeleza kwamba Epafrodito amefikisha kile walichotuma, na kwamba amepokea vyote. Wapendwa, hiyo ni risiti! Katikati ya mafundisho ya kuridhika mtume anaandika risiti. Anataja aliyetoa, aliyebeba, na kwamba feza imefika. Huyo Epafrodito, mkisoma sura ya pili, alikaribia kufa katika kazi hiyo, na Paulo hamfichi, anamtaja kwa jina na anaagiza apewe heshima.

Mimi nilikuwa na kuridhika bila risiti. Nilihubiri mstari wa 11 na kuuficha mstari wa 18.

Najua kuna mtu ameshafungua Waebrania 13:5 ili anikumbushe kwamba pale tumeagizwa kuwa radhi na vitu tulivyo navyo. Ndiyo, ndugu yangu. Lakini usikate mstari. Unaanza kwa kukataza kupenda feza. Sasa katika nyumba yako ni nani anayepaswa kulisikia kwanza neno hilo, mwenye bahasha au mwenye sufuria tupu? Fungua pia Luka 3:14. Yohana Mbatizaji aliwaambia watu waridhike na mishahara yao. Aliwaambia nani? Askari. Watu wenye silaha, waliokuwa na uwezo wa kuchukua vya wengine kwa nguvu. Hakugeuka kumwambia yule aliyenyang'anywa mbuzi wake kwamba aridhike na zizi tupu. Sisi wa sehemu hizi za Kongo hatuna haja ya kuelezwa mstari huo.

Na kuna yule mjane wa 2 Wafalme sura ya 4, mke wa mmoja wa wana wa manabii. Yaani mama mchungaji, wapendwa! Bwana wake alimcha Mungu, akafa, akaacha deni, na mdai amekuja kuchukua watoto wawili wawe watumwa. Yule mama analia mbele ya Elisha. Kama Elisha angekuwa mimi wa siku zile, angemhubiria kuridhika, na watoto wangechukuliwa. Elisha aliuliza maswali mawili tu. Nikufanyie nini? Na una nini nyumbani? Mama akajibu kwamba hana kitu, isipokuwa chupa ya mafuta.

Mimi napenda sana lile "isipokuwa". Mama wa nyumba maskini anajua kilichobaki mpaka tone la mwisho. Baba anaweza kusema "hatuna kitu" na huo ukawa mwisho wa mazungumzo. Mama anasema "hatuna kitu, isipokuwa", na watoto wanakula kutoka kwenye hilo neno. Muujiza wa Elisha ulianzia hapo, katika hesabu ya ukweli ya kile kilichokuwa ndani ya nyumba. Tena ulifanyika mlango ukiwa umefungwa, mama na wanawe, watoto wakileta vyombo na mama akimimina. Watoto walihusika. Waliona mafuta yalipoanza na waliona yalipokoma. Halafu nabii akamwambia auze, alipe deni, waishi kwa kinachobaki. Katika hadithi hiyo yote sioni mtu aliyeambiwa anyamaze.

Mtauliza tulifanya nini baada ya lile koti. Siku nyingi hatukufanya kitu. Niliomba msamaha, na mke wangu alisema amesamehe, lakini mnajua msamaha wa mdomo na msamaha wa tumbo havifiki siku moja. Halafu jioni moja ya posho yeye mwenyewe alileta daftari la mtoto lililobakiza kurasa chache, akaliweka mezani, akaweka na feza zake zote za juma, makuta juu ya makuta, zinanuka samaki. Akasema: "Zangu hizi. Weka zako." Watoto walikuwa wanatazama.

Ningependa kuwaambia kwamba amani iliingia usiku ule. Haikuingia. Miezi miwili ya kwanza tuligombana kuliko zamani, kwa sababu feza iliyofichwa haina kelele, na iliyo mezani kila mtu ana neno juu yake. Mimi nilipata aibu ambayo sikuitazamia: daftari lilionyesha kwamba sambaza ndiyo iliyokuwa inalisha nyumba yetu, na kwa mbali. Miaka yote hiyo nilikuwa nasimama mimbarani nikisema baba ndiye mlishaji wa nyumba yake, na wamama wanasema amina, na wangu akiwa kati yao, miguu yake bado ina matope ya pwani. Baba mmoja akiniambia leo kwamba kazi ya mke wake ni "kabiashara kadogo ka kusaidia", mimi namwomba aniletee daftari.

Kitu kingine kilichotushangaza ni makala. Tulikuwa tunanunua kimfuko kidogo kila siku, kwa sababu kila siku tulikuwa na feza ya kimfuko kidogo tu. Tulipojumlisha kwa mwezi, tulikuta ingetosha gunia zima na kubaki. Ndivyo maskini wa mjini wanavyokamuliwa: tajiri ananunua kwa gunia, sisi tunanunua kwa kikopo, na kilo ya maskini ni ghali kuliko kilo ya tajiri. Mafuta ya kula ni hivyo, sabuni ni hivyo, unga wa mihogo ni hivyo. Hakuna mahubiri yatakayobadilisha hesabu hiyo. Lakini mtoto wetu wa miaka tisa, aliyekuwa anasikiliza, aliuliza: "Kwa nini hatununui gunia pamoja na mama wa pale jirani?" Tukamwendea jirani. Ilichukua muda, lakini tulinunua, nusu yao nusu yetu. Kama tungefanya hesabu zetu kwa kujificha, mtoto yule asingesema neno.

Hapo ndipo mimi binafsi nilianza kuelewa kuridhika ni nini katika nyumba. Kulikuwa na jioni moja, mwezi ulikuwa mkubwa, sambaza hakuna, umeme hakuna. Mezani tulikuwa na bugali na lengalenga. Kila mtu pale, hata mdogo, alijua kwa nini ni lengalenga. Hakuna aliyefikiri kwamba kuna kitu kingine kimefichwa mahali. Walikula, wakaanza kuchekeshana kwa kuigiza namna babu yao anavyopiga simu kwa kupiga kelele, mpaka jirani akagonga ukuta wa mbao, halafu yeye naye akaanza kucheka. Chakula kilikuwa kile kile cha siku za koti. Nilikaa kwenye giza nikajua kwamba sijakosa kitu. Kila kilichokuwapo kilikuwa mezani.

Paulo anasema katika mstari wa 12 kwamba amefundishwa siri hiyo, na neno analotumia ni la mtu aliyeingizwa ndani ya mambo ya siri. Kwa ufahamu wangu mdogo, nyumba nyingi hazifiki kwenye siri hiyo kwa sababu zina siri nyingine.

Niseme machache haraka, kwa sababu fundi wa redio ananionyesha saa.

Juu ya sadaka. Mimi ni Mpentekoste, naamini katika kutoa, naamini Mungu anajibu, nimeona kwa macho yangu. Lakini baba anayechukua feza ya nyumba, au mama anayechukua minervali ya mtoto, akaipanda kama "mbegu" bila mwenzake kujua, asome Marko 7 kuanzia mstari wa 9. Kulikuwa na watu waliosema "Korbani", hii ni ya Mungu, ili wasiwasaidie wazazi wao. Yesu hakuwaita watu wa imani. Na mtumishi mwenzangu unayeomba mbegu kwa watu ambao mwenye nyumba amewawekea kufuli mlangoni, nakuomba kwa heshima: uliza kwanza hiyo feza ilikuwa ya nini.

Juu ya wanaokwenda kwenye machimbo. Ndugu zetu wengi wameacha jiji kwenda Kamituga, Misisi, Shabunda, kutafuta dhahabu. Siwahukumu, mjini kazi haionekani, na mwalimu ambaye jina lake halijaingia kwenye orodha ya mishahara anaweza kufundisha miaka mingi bila serikali kumlipa. Lakini kuna baba anayepiga simu kila Jumapili, anauliza watoto wamelala salama, anasema "vumilieni, Mungu yupo", na kule ana meza nyingine na watoto wengine. Ndugu, kama unasikia redio hii huko uliko, sema ukweli kwanza. Neno la kuvumilia litafuata lenyewe kama lina nafasi.

Juu ya wamama wanaoficha. Ndiyo, wako. Mama ana zamu yake ya likelemba na bwana hajui hata siku ya kupokea. Zamani nilikuwa mkali sana juu ya hilo. Siku hizi nauliza kwanza: ilitokea nini ile mara ya mwisho alipoonyesha? Maana kuna nyumba ambamo feza ya mtaji ikionekana saa kumi, saa moja ya jioni imekwisha kunywewa. Mama wa namna hiyo simwambii aweke feza mezani kesho. Namwambia aje yeye na bwana wake, tukae na mzee mmoja wa kanisa, na tuanze na sheria moja: feza ya mtaji haiguswi, hata na mchungaji akiomba.

Na ninyi ambao hamna kabisa cha kuweka mezani, si kilichofichwa, hakuna tu: mimi sina haki ya kuwaambia mridhike, na leo sitawaambia. Nitafanya kama Wafilipi, nitamtafuta Epafrodito. Mashemasi wa kanisa lenu wawe na daftari pia. Liandikwe kilichoingia na kilichotoka, na nyumba iliyopikiwa na nyumba iliyosahauliwa. Kanisa linalohubiri kuridhika na halisomi hesabu mbele ya washiriki wake linafanya nilichofanya mimi, kwa koti kubwa zaidi.

Kwa yule mama wa nyanya: samahani, mama, kwa jibu langu la mtelemkoni. Neno la kuridhika halikuandikwa kwa wamama peke yao. Mwambie bwana wako mchungaji anamwalika, aje na viatu vile vile anavyovaa akitoka. Tutasoma pamoja, mimi na yeye, wanaume wawili, kuanzia mstari wa 10 mpaka wa 19, bila kuruka hata mmoja.

Nilipomwonyesha mke wangu mahubiri haya kabla ya kuja hapa redioni, alisoma mpaka mwisho akasema hakuna uongo ndani. Aliniomba niongeze jambo moja tu: kwamba koti bado ninalo, na kikwembe hakijarudishwa. Nimeongeza.

Tuombe.

Baba Mungu, unaona vyumba vyetu, unaona na chini ya magodoro. Mkumbuke mama anayeshuka ziwani asubuhi hii inayokuja. Mkumbuke mtoto aliyesomewa jina shuleni. Mpe baba mwenye bahasha mfukoni ujasiri wa kuitoa usiku huu kabla ya chakula, na umpe mke wake neno la kusema atakapoiona. Mpelekee Epafrodito yule ambaye hajala leo. Katika jina la Yesu, amina.